Habari za Mvua Kutoka Handakini

Usicheke kabla sijamaliza. Wengi niliowasimulia jambo hili walianza kwa kucheka, kisha wakanyamaza, na wengine wakaniomba nisilirudie mbele ya watoto wao. Siku ile sikuwa na homa. Sikuwa nimetafuna miraa wala kunywa kitu. Jua lilikuwa bado liko juu, na tulikuwa watu watatu tulioona kwa macho yetu. Mmoja amekufa, mmoja sijui yuko wapi, na aliyebaki ni mimi. Kwa hiyo usiponiamini, huna mwingine wa kumuuliza.

Mimi nilizaliwa Voi, kando ya reli. Baba alikuwa nyapara wa genge la kutengeneza njia, na nyumba yetu ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba gari la moshi la Mombasa likipita, vikombe vinalia kabatini. Mpaka leo nikisikia harufu ya mataruma yaliyopakwa lami roho yangu inarudi nyuma. Pengine ndiyo sababu sikuweza kutulia popote. Nilimaliza kidato cha nne, wenzangu wakaenda ofisini, mimi nikaenda Mombasa nikachoka, Nairobi nikachoka, Thika nikabeba magunia ya kahawa nikachoka. Mwishowe nikapata kazi ya utingo kwenye lori la bidhaa lililokuwa likienda kaskazini.

"Unajua kule kuna vita?" dereva akaniuliza.

Nikamwambia najua. Nilijua nini? Nilikuwa nimesoma gazetini neno shifta, waasi wa kaskazini. Uhuru ulikuwa bado mchanga, bendera hazijapauka, na mimi nilidhani vita ni kitu kinachokaa mahali pake, ukikipita kimepitwa.

Garissa tulipekuliwa darajani mpaka unga ukachomwa chomwa kwa vyuma, tukangoja msafara wenye askari. Tukapita Modogashe, Habaswein, Wajir, Tarbaj, Elwak. Usiku tulilala chini ya lori. Kuna mahali tuliona lori jingine limepinduka, limeungua, viatu vya mtu viko barabarani vimepangwa kama mbele ya msikiti. Tulipofika Rhamu, mji ule wa kando ya mto Daua, injini yetu ikafa. Dereva akarudi na msafara, mimi nikaachwa nililinde lori hadi vipuri vitakapoletwa. Mwenye lori hakuleta vipuri wala hakuleta salamu.

Aliyeniokota ni Haji Barre, mfanyabiashara mwenye duka la sukari, chai na vitambaa. Akanipa kazi ya kupakua mizigo na mahali pa kulala. Siku ya kwanza nilipoinua macho dukani mwake nilishangaa. Boriti iliyoshika dari ilikuwa chuma cha reli. Chembamba kuliko cha Voi, lakini reli ni reli, mimi siwezi kudanganywa.

"Haji, hii imetoka wapi? Huku hakuna gari la moshi."

"Lilikuwepo la kusukuma kwa mkono," akasema. "Kaa nikwambie."

Akaniambia kwamba wakati wa vita vya Mtaliano, mkandarasi mmoja Mzungu alipewa kazi ya kuchimba mawe nyuma ya kilima kilicho nje ya mji na kuyafikisha mtoni kwa ajili ya barabara na kivuko. Kukizunguka kilima kwa punda kulikula nusu ya siku. Mzungu akaona afadhali akitoboe. Akaleta vibarua, wengine wa hapa, wengine wa mbali, wakachimba handaki toka upande mmoja mpaka wa pili, wakalaza reli ndogo, wakawa wanasukuma vigari vya mawe mle gizani. Kilima kile ni cha jiwe jeupe, laini, la kumung'unyika. Kilihitaji miti ya kukishikilia, na miti mikubwa huku haipo, na kuileta ni gharama. Basi kikaachwa hivyo hivyo. Siku moja kikaanguka katikati.

"Na watu?"

"Watu walikuwa ndani. Mzungu alisimama mlangoni akatazama saa yake. Vita vilikuwa vinasonga mbele, naye alikuwa ameagizwa asonge navyo. Akasema kufukua ni kazi ya majuma. Akakusanya taa zake, akaondoka. Sisi tuling'oa reli, tukajengea."

Alinihadithia mpaka hapo, akaenda kuswali. Niliona ameruka kitu, lakini mgeni haulizi yote siku ya kwanza.

Nitakwambia ukweli, nilipapenda pale handakini. Baada ya swala ya Ijumaa, duka likifungwa, nilikwenda kukaa mdomoni mwake kwenye kivuli. Mataruma machache yalikuwa bado yamelala kwenye vumbi, hayajaoza kwa sababu ya ukavu. Niliyanusa kama mtu anavyonusa nguo ya mama yake. Ndani ukitembea kidogo unakutana na ukuta wa mawe yaliyoanguka, na hapo ndipo mwisho. Nilikuwa nimeugusa ukuta ule kwa mikono yangu. Hakupiti panya.

Pale ndipo nilipozoeana na Mzee Gedi na binti yake Hawo.

Mzee Gedi alikuwa mtu wa Tarbaj aliyehamia upande wetu na ngamia wake baada ya visima vya kwao kukauka. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama vijana wote walivyowaita wazee. Kiswahili chake alikiokota kwenye minada ya Isiolo, p akiisema b na v akiisema f. Hawo alikuwa mjane. Mumewe alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu hakusimama upesi. Alikuwa amesoma madarasa machache Wajir, na ulimi wake ulikuwa wembe.

"Nyinyi watu wa reli," mzee aliniambia, "mnabita chini ya ardhi kama nguchiro. Mungu amewanyima barabara?"

Na Hawo akadakia: "Mwache, baba. Ngamia wetu akipotea anajua njia ya kurudi kwao. Huyu hajui hata alipopotelea."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Alikuwa amesema kweli.

Sasa sikiliza shida yao, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ilikuwa imetoka amri kwamba watu wote na wanyama wao wahamie kijiji kilichozungushiwa waya karibu na kambi ya askari. Atakayekutwa nje baada ya siku iliyotajwa atahesabiwa kuwa shifta, na wanyama wake watapigwa risasi. Ndani ya waya ule malisho yalikuwa yamekwisha zamani. Mbuzi walikuwa wanakula makaratasi na kamba. Mzee Gedi alikuwa na ngamia majike wenye maziwa, na hao ndio waliokuwa shamba lake, nyumba yake, mahari ya siku zijazo na sanda ya siku ya mwisho. Akiwapeleka ndani ya waya atawatazama wakifa mmoja mmoja. Kwa hiyo alikuwa amewaficha mle handakini ili ndege iliyopita mchana isiwaone, akazishindilia majani zile kengele zao za mti zisilie. Mpango wake ulikuwa kuvuka Daua kwenda upande wa Uhabeshi, kwa shemeji zake.

"Watatudharau," alisema. "Watatusimanga kila bakuli la maji. Lakini tutaishi."

Siku yenyewe, Haji alinituma niwapelekee sukari na majani ya chai ya safari. Nilifika baada ya alasiri. Hawo alikuwa ameshafunga fito na mikeka ya nyumba, bado kupakia. Walikuwa wavuke usiku ule ule. Tuliketi mdomoni mwa handaki, mzee ameupa mgongo mlango, mimi nimeuelekea. Chini yetu ulikuwa mwamba mtupu. Ngamia walikuwa ndani, wamejipanga pande zote mbili, wanacheua.

Kwanza nilisikia harufu. Unajua harufu ya kokoto mpya zikimwagwa chini ya reli, jiwe lililopasuliwa sasa hivi? Harufu hiyo. Nikainua macho nikamwona mtu anakuja kutoka gizani, katikati ya ngamia.

Niamini ninapokwambia kwamba lililonisumbua halikuwa yule mtu. Siku zile watu walijificha kila mahali. Kilichonisumbua ni ngamia. Ngamia akipitiwa karibu na mgeni hugeuza shingo, hunguruma, humtemea. Hawa hawakugeuka. Mtu alipita katikati yao kama vile hakuna aliyepita.

Alikuwa kijana, mrefu, ana fimbo mabegani. Vumbi jeupe limemshika toka nywele hadi kope, hadi midomo. Akasimama mbele yetu.

"Nabad?" akasalimia. Amani?

"Nabad," mzee akajibu, akageuka.

Wakaulizana amani mara kadhaa kama ilivyo ada yao. Kisha mzee akauliza neno lile ambalo kwa watu wa kule huja kabla ya chakula, kabla ya jina, kabla ya kila kitu: "War?" Lete habari.

Huku kwetu mtu akikuuliza habari unajibu nzuri na kupita. Kwao habari ni deni la Mungu. Mkikutana porini unampa mwenzio yote uliyoyaona: nani kafa, kisima gani kina maji, mvua imeanguka wapi. Na koo zinapotaka kuhama hutuma mtu mmoja atangulie kutafuta malisho. Wanamwita sahan. Sahan akishaona alichotumwa kuona, harudi akitembea pole. Hanawi, hapumziki, halali kwa mtu, mpaka awafikishie wenyewe. Ndiyo maana maneno yake hayana wasiwasi: yakikufikia bado yana umande. Na ndiyo maana hakuna anayemuuliza sahan alichokiona alikiona lini. Ni kama kumwambia amelala njiani.

Yule mtu alitaja jina lake, Nuur Hirsi, na babu zake. Mzee Gedi akawafuata kwa vidole, akakuta ukoo ni wa karibu. Akatabasamu. Kisha mtu yule akatoa habari. Kisomali changu kilikuwa cha dukani, lakini aliyasema wazi hata mimi nikaelewa. Mvua imeanguka Harosa, kule kusini, kwenye laga pana ambalo hubeba maji ya masika. Madimbwi yamejaa. Majani yamefika goti. Migunga imechipua, inzi wabaya hakuna. Njia ni safi.

Mzee akamuuliza maswali kwa utaratibu wao. Maji ni matamu au ya magadi? Matamu. Udongo unashika mguu? Unashika, ngamia wapitishwe upande wa mawe. Kuna nani? Hakuna mtu, Mungu amewawekea nyinyi.

"Waambie wazee wasichinje ndama," akaongeza, na sauti yake ikatetemeka. "Waambie wangoje kidogo tu. Mvua imeshakuja."

Hawo akainamia sikio la baba yake. "Ndama gani? Sisi hatuna ndama wa kuchinja. Muulize hiyo mvua ni ipi."

"Nyamaza."

"Muulize ameiona lini, baba."

"Sahan hahojiwi kama mwizi!" mzee akafoka, akanigeukia kwa Kiswahili, labda nimsaidie. "Wewe tazama fumbi lile. Mtu gani mwenye fumbi hifyo amepumzika?"

Nikamwambia, "Adeer, lakini ametoka ndani."

"Siku hizi nani hatoki ndani ya shimo?" akasema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka toka amri itoke. Ungekuwa wewe, ungemkatiza kicheko kile?

Hawo akamletea mgeni maziwa kwenye bakuli la mti, kama inavyopasa. Akalipokea kwa mikono miwili. "Nimefikisha?" akauliza. Mzee akamjibu, "Umefikisha." Basi yule mtu akafumba macho, akainua bakuli, akanywa kwa kiu kubwa, niliona koo lake likipanda na kushuka. Akaliweka chini, akatuaga, akazunguka bega la kilima.

Hawo akaliinua bakuli. Akanionyesha. Lilikuwa limejaa vile vile, na juu ya maziwa umetanda ungaunga mweupe.

"Amekunywa kidogo kwa heshima," mzee akasema, hata hakutazama vizuri. Alikuwa ameshasimama, anavuta kamba. "Hawo! Bakia! Hatufuki mto. Tunakwenda Harosa."

Niliwaacha wanabishana. Jua lilikuwa linazama, na mtu wa duka akichelewa nje ya mji anajitafutia risasi. Nilipofika, Haji alikuwa ametoka kuswali magharibi, anapima sukari. Nikamweleza kwa furaha kwamba mvua imenyesha, kwamba sahan amekuja, jina lake Nuur Hirsi.

Kijiko kilimdondoka.

"Sema tena jina."

Nikasema. Akaniuliza mtu yule yukoje, nikamweleza urefu, fimbo, vumbi jeupe. Haji akaketi juu ya gunia. Ndipo akanipa kile alichokiruka siku ile ya kwanza.

Yeye mwenyewe alikuwa kibarua pale handakini, kazi yake kubeba maji ya wachimbaji. Mwaka ule ulikuwa wa ukame mkali. Watu walikuwa wamepiga kambi huku upande wetu wa kilima, wanachinja ndama ili mama zao wabaki na nguvu, wanamngoja sahan wao, Nuur. Siku moja Nuur akatokea kule machimboni anakimbia, akaona kuzunguka kilima ni kuchelewa, akaomba apite handakini. Nyapara akamruhusu.

"Alinipita hivi," Haji akasema. "Habari hakunipa, hazikuwa zangu. Lakini nilitazama miguu yake. Ilikuwa na tope mpaka kwenye kifundo. Tope, mwaka ule! Nikajua ameona maji. Akaingia, na kabla sijajaza pipa, kilima kikaanguka."

"Hukuwaambia wazee?"

"Niliwaambia. Wakasema tope laweza kuwa la pipa la Mzungu, tena mimi ni mpagazi tu, nani amenituma? Walingoja, wakachinja, wakachoka, wakavuka mto kwenda kuomba. Wengi hawakurudi. Baadaye wafanyabiashara wakatuambia Harosa majani yalikuwa yameota mpaka tumboni mwa ngamia, yakakauka bila mtu. Mwanangu, yule hakuwadanganya. Mvua ile ilinyesha. Ilinyesha kabla wewe hujajua kusema."

Nilichukua tochi ya duka nikakimbia. Usiniulize nilivyopita askari. Nilipofika handakini palikuwa kimya, kinyesi cha ngamia bado kina joto. Niliita, "Adeer! Hawo!" Sauti yangu ikaingia ndani ya kilima ikanirudia. Nikaingia na tochi mpaka kwenye ule ukuta wa mawe. Na chini ya ukuta, pale pale nilipokuwa nimepagusa Ijumaa iliyopita pakiwa pakavu kama jivu, palikuwa na alama za nyayo mbili. Nikaweka kidole. Ilikuwa tope mbichi. Nikatoka mbio, na mbio zile sijazipumzikia mpaka leo.

Ningewafuata? Mimi mtoto wa reli, gizani, kwenye pori ambalo hata nyota zake sizijui? Asubuhi Haji alikwenda kambini kuomba pasi. Fikiria alivyobanwa. Akisema Gedi amekwenda Harosa, amemkabidhi kwa wenye bunduki. Asiposema, hana sababu ya kutoka. Akasema amepotelewa na punda. Wakamwambia siku ya amri imeshafika, punda wake ni shifta. Wakacheka. Haji alirudi akafunga duka mchana mweupe.

Baada ya siku kadhaa lori la askari wa doria likaja na Hawo nyuma, peke yake, midomo imepasuka, ameketi juu ya fito za nyumba yake mwenyewe. Walimshusha ndani ya waya. Alipoweza kusema alisema kidogo tu. Harosa palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa. Baba yake hakukubali. Alisema wamekosea laga, wakaenda la pili, la tatu. Kisha akaanza kuchimba mchangani kwa bakuli, anasema sahan hawezi kusema uongo, maji yako chini hapa hapa. Ndege ikawaona pale wazi. Askari walipofika walimaliza ngamia kwa risasi, wote, hata wale waliokuwa wameshalala wenyewe. Mzee hakuguswa na risasi. Alikuwa bado anachimba walipomfikia, akafa kabla ya magharibi.

"Daua ilikuwa karibu," Hawo akaniambia. "Ningeona mto kutoka pale handakini tulipokaa kama ningesimama."

Nikamweleza yaliyosemwa na Haji. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atasoma dua.

"Basi yeye amepumzika," akasema. "Amefikisha. Ametuachia sisi."

Baadaye wenye kambi wakalipua mdomo wa handaki, wakisema ni maficho ya shifta. Kilima kikatoa vumbi jeupe lililotua mjini mpaka kwenye chai. Watu walimwaga chai yao bila kuambizana kwa nini.

Sasa nina mvi. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na nikitembea kwa gari la moshi, likiingia handakini nafumba macho, nashika kiti, mpaka mwanga urudi. Harufu ya kokoto mpya inanitapisha, mimi niliyelala nayo utotoni. Na mtu akiniletea habari njema simshukuru kwanza. Namuuliza: umeiona wewe mwenyewe? Lini? Wananiita mtu wa shaka, mke wangu aliniacha kwa hilo. Waache waseme. Nawe unayenisikiliza, mtu akikujia na vumbi lake na habari ya kile hasa unachokililia, muulize ni mvua ya lini, hata kama ni aibu, hata kama babako anakukaripia. Wafu hawasemi uongo. Wanasema kweli ambayo imeshapitwa, na hiyo haina dawa.

Siku niliyoondoka Rhamu nilipanda mojawapo ya malori yaliyokuwa yakirudi Wajir matupu. Hawo nilimkuta kwenye waya, kwenye foleni ya maji. Nilimwambia naondoka.

"Ondoka. Wewe una miguu ya kuondoka."

Nikamuuliza kama ana neno la kuwapelekea watu wa baba yake Tarbaj, kwa kuwa tungepita huko. Akafikiri, akasogeza debe lake mbele na foleni.

"Waambie amekufa. Wasipouliza amekufaje, usiwaambie."

Tulipokwisha kuipita Elwak tukaingia kwenye laga la mchanga, malori yakawa yanatambaa. Kando ya njia alisimama mzee na ngamia wachache, mifupa mitupu, ameinua mikono juu kama kila mtu alivyofanya akiona msafara. Lori letu lilipomfikia akapaza sauti: "War? War?"

Askari aliyeketi karibu nami, kijana mcheshi wa umri wangu, akauliza, "Anataka nini huyu?"

"Anauliza habari za mvua."

Askari akasimama, akaweka kiganja kifuani. "Mvua, mzee! Rhamu! Maji mpaka hapa! Nenda ukaogelee!"

Lori zima likacheka. Mzee alielewa neno moja tu, mvua, na kile kiganja kifuani. Akashusha mikono. Akatazama kaskazini. Mimi nikasimama nikapiga kelele kwa Kisomali changu kibovu kwamba ni uongo, hakuna maji, usiende, lakini magurudumu yalikuwa yameshapata ardhi ngumu na vumbi likaja katikati yetu. Nikalipiga paa la dereva kwa ngumi. Hakusimama; msafara hausimami. Vumbi lilipopungua nilimwona mzee kwa mbali ameshika kamba ya ngamia wa mbele, anamvuta shingo, anamgeuza kuelekea tulikotoka.